Moyo wa Kula Vema katika Ugonjwa wa Sukari

Fundisho hili si la kukuambia kwa mara ya kwanza kwamba una ugonjwa wa sukari. Hayo umekwisha kuyasikia kwa muganga, na kidole chako kimekwisha kuchomwa mara nyingi. Umeambiwa upunguze bukari, uache sukari katika chai, uzidishe majani na maharagi. Ulisikia, ukafanya. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Halafu, pole pole, mkono ukarudi katika sahani kama zamani. Ni kwa habari ya jambo hilo tunataka kusema nawe: namna gani mtu aweza kuendelea kula vema, si kwa siku thelathini tu, bali kwa miaka yake yote.

Watu wengi hudhani kwamba yule aliyerudi nyuma ni mlafi, au hana akili. Hata waganga wengine husema naye kwa ukali. Sisi hatuoni hivyo. Ugonjwa huu una desturi yake ya kuchosha moyo, na mtu akiifahamu desturi hiyo ataweza kujipanga mbele yake.

Ugonjwa usiouma

Mtu akishikwa na malaria, kichwa chamgonga na mwili watetemeka. Hawezi kusahau dawa yake. Jino likiuma, hakuna haja ya kumkumbusha mtu aende kwa muganga. Sukari si hivyo.

Chakula chetu, hasa bukari, mihogo, wali, mkate na viazi, hugeuka tumboni kuwa sukari, nayo sukari huingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Hicho hutoa kitu kiitwacho insulini, nayo insulini ni kama ufunguo: hufungua milango ya mwili ili sukari iingie ndani na kuwa nguvu. Katika ugonjwa wa sukari wa namna ya pili, ambao huwashika zaidi watu wazima, milango imekuwa migumu kufunguka, tena kongosho limechoka, halitoi insulini ya kutosha. Basi sukari yabaki katika damu. Ikizidi sana, mtu huona kiu, hukojoa usiku kucha, hukonda. Lakini ikizidi kwa kiasi tu, haoni kitu. Aweza kutembea na sukari ya 200 mwaka mzima, akilima shamba lake na kuimba katika kwaya, na mwili wake usimwambie neno.

Kumbe kazi mbaya yaendelea ndani. Sukari nyingi huharibu mishipa midogo ya damu katika macho na katika mafigo, na huharibu mishipa ya fahamu, kwanza ile ya miguu.

Tumfikirie baba mmoja mfanyakazi wa reli. Nyayo zake zimekuwa na ganzi, naye hakumwambia mtu. Siku moja ametoka shambani na viatu vyake vya plastiki, na jiwe dogo limeingia katika kiatu. Mtu mzima wa miguu angesimama palepale na kulitoa. Yeye halisikii. Jioni mama wa nyumba aona damu katika soksi. Kidonda hakiumi, basi chaachwa. Baada ya juma tatu mguu umevimba na kunuka, na sasa muganga anashindana kuokoa sehemu ya mguu iliyobaki. Baba huyu atasema, “Jiwe limeniharibia mguu.” Lakini jiwe lilikuta mguu umekwisha kufungwa fahamu kwa miaka mingi, miaka ile ambayo hakusikia maumivu yoyote.

Hapa ndipo moyo hushindwa. Bukari iko mbele yako leo, yatoa moshi. Mguu unaoulinda ni mguu wa miaka kumi ijayo. Hakuna mtu awezaye kuogopa kila siku jambo la miaka kumi ijayo. Hofu ya siku ile ulipoambiwa ugonjwa wako ilikusukuma kwa miezi miwili, ikaisha. Ni tabia ya hofu kuisha. Kwa hiyo usiitegemee. Yakupasa kupata kitu kingine, kitakachosema nawe leo.

Mpe ugonjwa wako sauti

Kitu hicho ni kipimo. Muganga aweza kukueleza saa nzima habari za bukari, nawe ukaitika, ukasahau. Lakini jaribu hivi, ukiwa na mashine ya kupimia au ukiweza kufika dispanseri. Siku moja kula chakula chako cha desturi, bila kujificha, ukapime baada ya saa mbili. Siku nyingine kula tonge la bukari lenye ukubwa wa ngumi yako, pamoja na majani mengi na maharagi, ukapime tena baada ya saa mbili. Andika hesabu hizo mbili katika kitabu chako. Mtu aliyeona kwa macho yake 260 na 165, tena kwa chakula cha nyumbani mwake, hana haja ya mahubiri yetu.

Kwa watu wazima wengi, hesabu ya kutafuta ni kati ya 80 na 130 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baada ya kula. Mashine nyingine huandika kwa gramu katika lita: 1.30 ni sawasawa na 130. Kwa mzee sana, au mgonjwa mwenye magonjwa mengine, muganga aweza kukupa hesabu nyingine, ufuate yake. Kipo pia kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari kwa muda wa miezi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganyiki kwa mtu kufunga chakula siku mbili kabla ya kuja hospitali, kama wengine wafanyavyo, nao hudhani hatujui.

Wengine husema, “Nimekwisha kuharibu miaka, kuna faida gani sasa?” Na wengine, “Nimefanya vizuri mwaka mzima, nikaacha; basi kazi yote imepotea.” Wote wawili wasikie jambo lililoonekana Uingereza. Huko waganga waliwafuata maelfu ya watu waliokuwa wameanza tu kuugua sukari ya namna ya pili. Kazi hiyo ilianza mwaka 1977, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1998. Wale walioshikiwa sukari yao kwa bidii zaidi walipata madhara machache zaidi ya macho na mafigo: yalipungua kwa sehemu moja katika nne. Baada ya hapo uchunguzi ulikwisha, na katika muda wa mwaka mmoja sukari ya makundi mawili ikawa sawasawa. Lakini walipotazamwa tena, miaka kumi baadaye, wale wa bidii walikuwa bado na faida: mioyo yao ilishikwa na ugonjwa mara chache zaidi, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Mwili ulikuwa umeweka akiba ya ile miaka mizuri. Basi kila mwezi uliokula vema umeingia katika hesabu, hata kama mwezi uliofuata ulikuwa mbaya.

Chungu cha Kamina

Mara nyingine mgonjwa hupewa karatasi ya chakula iliyoandikwa Ulaya. Yasema habari za jibini, tufaha, na mkate wa ngano nzima. Mtu wa Kamina aisoma, anacheka, anaikunja na kuiweka katika Biblia, na chakula chake chabaki vilevile. Hatumlaumu. Karatasi isiyojua sombe haiwezi kumsaidia mtu wa sombe.

Tazama chungu chetu wenyewe. Sombe, matembele, lengalenga, majani ya maboga: vyote hivi ni chakula bora kwa mwenye sukari, na bei yake ni ndogo. Maharagi hupandisha sukari pole pole. Karanga vivyo hivyo, ukila kiganja kimoja, si kikapu. Samaki wa Lualaba na wa Upemba wanaopita Bukama, ndakala, mayai, kuku, viwavi vya kukauka: hivi havipandishi sukari kwa namna ya kuogopesha, tena hushibisha muda mrefu. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yake yamwagwe, hasa mtu akiwa na shinikizo la damu, kwa maana magonjwa haya mawili hupenda kukaa nyumba moja. Mafuta ya mawese hayaleti sukari, lakini hunenepesha. Kijiko kimoja au viwili chatosha katika sombe ya mtu mmoja.

Shida yetu kubwa ni bukari, nayo si kwa sababu ni mbaya bali kwa sababu ya wingi wake. Unga wa muhogo ni karibu wanga mtupu. Unga wa mahindi mazima, yaliyosagwa pamoja na ganda lake, ni afadhali kidogo. Kwa hiyo twashauri: katika kuchanganya, zidisha mahindi, punguza muhogo. Usidanganyike, hata hivyo, na watu wa sokoni wasemao kwamba unga fulani ni dawa ya sukari. Hata mtama na ulezi hugeuka sukari. Kipimo ni ngumi yako. Gawa sahani yako hivi: nusu yake ijazwe majani, robo iwe samaki au maharagi, robo iwe bukari. Tena anza na majani na samaki, bukari ifuate nyuma; wachunguzi wameona kwamba sukari hupanda kidogo zaidi mtu akila kwa taratibu hiyo.

Lakini sisi hatuli kila mtu na sahani yake. Bukari huwekwa katikati na mikono yaingia. Hapo hakuna awezaye kuhesabu tonge zake, hata mwenye nia njema. Basi kata sehemu yako mwanzoni, uiweke kando, na ikiisha imekwisha. Waweza bado kuketi na wenzako na kula mboga pamoja nao. Jambo hili dogo limewasaidia watu kuliko maonyo mengi, kwa maana mtu huamua mara moja tu, kabla ya kula, na si mara ishirini wakati wa kula.

Vinywaji havishibishi, navyo huharibu upesi. Chupa moja ndogo ya Coca-Cola au Fanta ina sukari kama gramu 35, yaani karibu vijiko vinane vya chai. Ungekubali kutia vijiko vinane katika kikombe kimoja? Asali ni sukari pia, ijapokuwa yatoka porini. Munkoyo wahitaji neno lake, maana wengi husema, “Huu wetu hautiwi sukari.” Mizizi ya munkoyo ndiyo inayogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, ndiyo sababu uji ule huwa mtamu bila kutiwa kitu. Kikombe kidogo siku ya furaha, sawa. Kuunywa kama maji, hapana. Na wakati wa maembe, ambapo embe ni la bure na watoto huyaokota kila mahali, kula moja dogo, tena mahali pa sehemu ya bukari, si juu yake.

Wengine huona haya kula majani, maharagi na unga usiochekechwa, wakisema ni chakula cha maskini. Kulikuwa na muganga Mwingereza, Hugh Trowell, aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka thelathini. Aliona kwamba magonjwa mengi yaliyokuwa ya kila siku katika nchi yake, na ugonjwa wa sukari mojawapo, yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini huku, akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1960. Baadaye yeye na mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji wa Kampala, wakafundisha watu wa Ulaya kula nyuzinyuzi za mboga, za nafaka nzima na za maharagi. Yaani Wazungu walifundishwa kula namna ya wazee wetu. Yule anayekuonea haya kwa sababu ya lengalenga, mwambie habari hiyo.

Nyumba, kilio na safari

Mama apikaye ndiye mwenye funguo za ugonjwa huu, akiwa mgonjwa ni yeye mwenyewe au mumewe. Tusiseme, “Pika chungu cha mgonjwa na chungu cha wazima.” Kuni ni ghali, makaa ni ghali, na mgonjwa atakayekula peke yake chakula cha adhabu hatafika mwisho wa mwezi. Chungu kiwe kimoja. Chakula tulichokitaja chawafaa watoto na wazee pia. Tena ugonjwa huu hufuata ukoo, na wale watoto wana haja ya kujifunza mapema. Baba asiyetaka mke wake aseme neno juu ya sahani yake, huyo twamwomba afikiri ni nani atakayemwongoza kwa mkono macho yakiisha.

Mtu akipunguza chakula, majirani husema, “Amekonda. Ana nini huyu?” Na wengine huongeza maneno mabaya. Tunajua kwamba midomo hiyo imewarudisha wengi kwenye bukari. Kwetu unene umehesabiwa muda mrefu kuwa ishara ya baraka. Sema wazi: “Nina sukari, muganga ameniagiza kupunguza.” Neno lililosemwa wazi halina utamu wa kunong’onezwa. Lakini kama ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, au unakonda bila kupunguza chakula, usifurahi. Njoo hospitali upesi, maana huenda mwili wako wakosa insulini kabisa.

Katika kilio na harusi mtu hawezi kukataa sahani ya mwenyeji wake bila kumhuzunisha. Basi usiende na njaa. Kula maharagi kidogo nyumbani kwanza. Ukifika, pokea, na umwambie mama wa nyumba, “Mama, sombe yako ni nzuri, niongezee, bukari hii yanitosha.” Hakuna mpishi atakayekasirika kwa kuombwa mboga mara ya pili.

Na safari? Kamina ni njia panda ya reli: njia moja kwenda Lubumbashi, nyingine kuelekea Ilebo, nyingine Kabalo na Kindu. Anayepanda gari la moshi ajua kwamba saa ya kufika haijulikani, na vituoni huuzwa mikate, miwa na maandazi. Funga mayai ya kuchemsha, karanga za kukaanga na maji katika kikapu chako. Funga na dawa pia, tena zaidi ya siku ulizozihesabu.

Neno juu ya kufunga na kuomba. Wako wakristo wenye sukari wanaofunga siku tatu bila kumwambia muganga, wakiendelea kumeza dawa, au wakiacha dawa. Dawa nyingine, kama metiformini ikiwa peke yake, hazishushi sukari chini sana. Lakini glibenklamidi na insulini zaweza kuiangusha kabisa kwa mtu asiyekula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, akiwa bado aweza kumeza, kisha ale chakula baada ya robo saa. Akizimia asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali. Mtu wa namna hiyo na aongee na mchungaji wake. Iko njia ya kujinyima kitu kingine kisicho chakula. Wala asitupe dawa baada ya kuombewa, kabla damu yake haijapimwa.

Siku ya kuanguka

Itakuja. Utakula maandazi sita katika ubatizo wa mjukuu, na soda mbili juu yake. Asubuhi kipimo kitasema 240. Jambo lenye hatari si yale maandazi. Ni haya inayofuata, inayomfanya mtu asiandike hesabu ile, halafu asije kliniki mwezi huo kwa kuogopa kuulizwa, halafu asije tena kabisa. Tumewaona watu waliopotea kwa njia hiyo, na waliporudi walirudi na kidonda. Andika 240. Andika na sababu: “ubatizo.” Chakula cha mchana kiwe cha desturi yako njema, wala usijitese kwa kufunga siku mbili.

Tena usichukue mambo yote kwa mara moja. Mwezi huu acha sukari ya chai, basi. Mwezi ujao kata sehemu ya bukari kabla ya kula. Ukitembea nusu saa kwa siku, ingawa ni kwenda sokoni na kurudi, sukari itashuka zaidi, maana misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu. Tafuta mwenzako mmoja mwenye ugonjwa huu katika kanisa au katika mtaa wako, mwulizane hesabu kila Jumapili. Na kila jioni, unapoosha miguu, tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Kama macho yako hayaoni vema, mtoto atazame.

Siku ya kurudi kwa kipimo, njoo asubuhi bila kula, dawa yako na chakula kidogo vikiwa mkononi. Lete kitabu chako pamoja na hesabu zake zote, nzuri na mbaya. Na yule apikaye nyumbani kwako aje pamoja nawe. Tungependa kuzungumza naye kwanza.